Maelezo Yasiyozidi Maneno Mia Mbili

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nasema mapema ili msomaji asije akanitegemea kwa mambo ya ushujaa. Mama yangu alikuwa akisema kwamba hata mtungi wa maji hutoka nje mara nyingi kuliko mimi, na hapo hakunisingizia, maana mtungi ulikwenda kisimani kila asubuhi na mimi nilibaki kwenye kigoda na kitabu changu. Kwa hiyo nilipomaliza darasa la kumi, nikapata kazi ya kufundisha hapa hapa kijijini kwetu, nje ya Ifakara, kisha nikasikia kwamba kuna chuo kikuu kimoja cha ng'ambo kinachofundisha watu kwa posta, niliona kama kimeanzishwa kwa ajili yangu. Elimu ya juu, na mtu halali nje ya kitanda chake!

Kabla ya masomo walinitumia kijitabu cha kanuni. Kilikuwa na kurasa kumi na mbili na herufi ndogo kama mayai ya chawa. Nilikisoma kama watu wengine wanavyosoma maisha ya watakatifu. Kazi ihesabiwe kuwa imefika kwa wakati kwa kutazama tarehe ya muhuri wa posta ya mahali ilipotumwa. Insha isizidi maneno elfu moja. Atakayechelewa mtihani kwa zaidi ya nusu saa asiruhusiwe kuingia. Atakayekosa mtihani kwa sababu iliyo nje ya uwezo wake alete maelezo ya maandishi, yasiyozidi maneno mia mbili, yenye sahihi au dole gumba la mtu mzima aliyeshuhudia, katika siku kumi na nne. Asipoleta, jina lake litafutwa.

Nilistaajabu. Huko mbali, mahali nisipopajua hata rangi ya udongo wake, kuna mtu aliyekaa akafikiri mimi naweza kuchelewa, akafikiri nitachelewa kwa kiasi gani, akanipimia na maneno ya kujitetea. Kwetu hata Mungu tulikuwa tunamwomba kwa maneno mengi kuliko hayo.

Insha yangu ya kwanza niliiandika kwa moyo wote, nayo ikarudi baada ya miezi miwili. Katikati ya ukurasa wa tano palikuwa na mstari mwekundu ulionyooka, na pembeni maneno matatu ya Kiingereza yenye maana kwamba msahihishaji amesoma mpaka hapo. Mstari ulipita katikati ya sentensi. Nilihesabu maneno mwenyewe kwa kidole, nikarudia, nikarudia tena. Elfu moja kamili, wala hakukosea hata neno moja. Nilikaa nikiutazama ule mstari kama mtu aliyeona nyayo za simba mlangoni.

"Ni nani huyo?" mama aliuliza.

"Simjui."

"Yeye anakujua?"

"Anajua namba yangu."

"Basi fanya anavyotaka," mama alisema. "Mtu anayehesabu maneno ya mwenzake mpaka elfu si mtu wa kuchezea."

Nikafanya alivyotaka. Insha sita nilizituma kwa siku zake, nikajifunza kuhesabu maneno kabla hata sijayafikiri. Likabaki jambo moja, nalo ni mtihani wa mwisho wa mwaka. Ulipangwa Jumatatu moja ya Aprili, saa tatu asubuhi, katika darasa la shule moja mjini Ifakara, chini ya usimamizi wa padri mmoja mzee. Nikishinda naendelea mwaka wa pili. Nikikosa bila sababu ya kukubalika nafutwa, na mlango ule hauna kubisha hodi mara ya pili.

Sasa anayelijua bonde letu la Kilombero atakuwa ameshashika kichwa. Aprili! Aprili ndiyo masika yenyewe, na masika watu wa huku hatukai majumbani. Mpunga uko mbugani, na mpunga unalindwa. Ukoo mzima huhamia mashambani, kila jamaa na dungu lao, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu. Mchana unatupia ndege mawe kwa kombeo, usiku unawapigia nguruwe debe. Hata mimi, mtu wa kigoda, shule ilipofungwa nilimfuata mama shambani, maana chakula changu kilikuwa kimemfuata yeye. Kutoka pale hadi Ifakara ni mwendo wa nusu siku kwa miguu, ikiwa njia ipo.

Kama njia ipo au haipo tuliambiwa na kijiti cha mjomba.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa Mndamba hasa, kabila la watu wa maji. Hakujua kusoma, lakini mto aliusoma kama sisi tunavyosoma bango. Kila masika alichomeka kijiti kirefu kwenye ukingo wa kijito karibu na dungu, chenye alama tatu zilizochongwa kwa kisu. Maji yakiwa alama ya kwanza, lala. Yakifika ya pili, funga mizigo. Yakikaribia ya tatu, mwenye safari ya mjini awe ameshaondoka, maana njia inapita kwenye bonde la chini na huko maji yanatangulia. Mvua si lazima uione. Inanyesha huko milimani, wewe umeota jua, na maji yanakuja yenyewe bila kelele.

Ijumaa kabla ya mtihani, mjomba alikuwa anaondoka na mtumbwi wake mkubwa kwenda kutazama mitego yake juu mtoni. Alinikuta nakula pepeta, ule mpunga mbichi uliokaangwa na kutwangwa.

"Mwalimu, nenda leo," aliniambia. "Ukalale mjini siku tatu, usome taratibu."

"Shikamoo mjomba. Nilale kwa nani siku tatu? Kule kuna kunguni."

"Marahaba. Na huku kuna mto." Akatazama kijitoni. "Haya. Alama ya kwanza. Wewe si msomi? Kisome hicho kijiti kila asubuhi. Kikikwambia ondoka, acha sahani hapo hapo."

Nilikubali kwa furaha. Nilitoa daftari nikapiga mistari, safu ya siku na safu ya alama. Jioni ile nilichukua mtumbwi mdogo kwenda kumletea mama kuni, na niliporudi giza lilikuwa linaingia. Gogo la kufungia mitumbwi lilikuwa hatua ishirini mbele, kwenye tope. Kijiti kilikuwa hapa hapa. Nikaufunga mtumbwi kwenye kijiti kwa kamba fupi, fundo zuri sana, nikaenda kula.

Jumamosi asubuhi nikaandika: alama ya kwanza. Mama alipita nyuma yangu na sufuria.

"Mbona jiwe langu la kuoshea vyombo silioni?"

"Limedidimia kwenye tope, mama. Maji hayajapanda. Tazama daftari."

"Mimi daftari sioshei vyombo."

Jumapili asubuhi: alama ya kwanza. Mama akasema vyura wameanza kulia upande usio wao. Nikamweleza, kwa upole wa mtu aliyefika darasa la kumi, kwamba vyura hawana vipimo. Nilipanga kuondoka baada ya chakula cha mchana, nifike Ifakara jioni, nilale usiku mmoja tu na kunguni, asubuhi niingie mtihani. Nilikuwa natafuna nilipomsikia mjomba akiita. Kilichonishangaza si sauti bali upande ilikotokea. Ilitokea kule ilikokuwa njia.

Alikuwa amesimama katika mtumbwi wake, anausukuma kwa upondo, juu ya mahali ambapo Ijumaa alipita mtu na baiskeli.

"Mwalimu! Bado uko hapa?"

"Alama ya kwanza, mjomba!" nikajibu, na daftari nikaliinua juu.

Alikuja mpaka kwenye kijiti, akakitazama, akautazama mtumbwi mdogo uliofungwa pale, akaishika kamba. Kisha akakiinua kijiti kwa vidole viwili. Kilitoka kama unyoya. Maji yalipopanda, mtumbwi ulikuwa umepanda nayo, na mtumbwi ulipopanda ulikivuta kijiti kutoka kwenye tope, kila siku kidogo, kwa utaratibu mzuri kabisa. Alama ya kwanza ilikuwa imesafiri pamoja na maji siku mbili nzima, nami nikaiandika kwa wino.

"Nimezaliwa kwenye maji haya," mjomba alisema. "Nimeona watu wamezama, nimeona watu wameliwa na mamba. Hili sijawahi kuliona."

Mama aligoma kuondoka. Dungu lilikuwa juu, mtumbwi mdogo ungebaki kwake, na ndege hawafungi likizo kwa sababu ya mafuriko. Mimi na mjomba tukaondoka adhuhuri, vitabu vyangu nimevifunga kwenye ngozi ya mbuzi.

Nimeishi bonde hili maisha yangu yote na siku ile ndiyo niliyoliona. Tangu utoto mimi mafuriko niliyatazama kutoka mlangoni, kama mtu anayetazama ngoma ya jirani. Sasa nilikuwa ndani yake. Maji yalikuwa yametanda kutoka miguuni mwa milima ya Udzungwa mpaka upande wa Mahenge ambako jicho linachoka, na yote yalikuwa yanatembea, taratibu, bila kuhema. Milima ilikuwa imesimama kichwa chini ndani yake. Majani marefu ya mbuga yalionesha ncha tu, na kila ncha ilikuwa na wadudu wamejazana kama abiria. Mbweha alisimama peke yake juu ya kichuguu, akatutazama tukipita, nasi tukamtazama. Niliona kundi la ndege weupe likiruka na kivuli chake kikiruka chini ya mtumbwi wetu, nikasahau mtihani. Kweli kabisa niliusahau. Niliwaza kitu kimoja tu, kwamba jambo kubwa namna hii linatokea kila mwaka nyuma ya nyumba yetu na sijawahi kunyanyuka kwenda kulitazama.

"Funga mdomo, mwalimu," mjomba alisema. "Utaingiwa na panzi."

Viboko walituzungusha mbali. Kisha magugu yanayoelea yalikuwa yamejikusanya na kuziba mkondo, na kila mahali tulipopita jana yake palikuwa ardhi. Tulilala juu ya kichuguu. Asubuhi mjomba alisukuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, nami nikakumba maji kwa kibuyu. Tulipofika nchi kavu nilikimbia. Mtu wa nyumbani akikimbia ni kitu cha kutazamwa, na Ifakara ilinitazama.

Nilifika mlangoni pa darasa nikiwa na tope mpaka kiunoni. Ndani, watu wanne walikuwa wameinamia karatasi. Padri alitoka nje, akaufunga mlango taratibu nyuma yake, akanionesha saa yake. Saa nne kasorobo. Nusu saa ilikuwa imekwisha robo saa iliyopita.

"Tumsifu Yesu Kristo," nilisema, maana sikujua niseme nini.

"Milele amina. Mwalimu, ningekuwa na ruhusa ningekuingiza na tope lako. Sina."

"Najua, baba. Ukurasa wa saba."

"Ukurasa wa saba," alikubali. Akaenda akaniletea chai mwenyewe, kikombe kikubwa cha bati, nikainywa nimesimama kwenye jua. Kupitia dirishani nilisikia kalamu zikikwaruza.

Basi yakabaki maneno mia mbili.

Nilirudi shambani, nikapanda dunguni, nikaandika. Kwa Kiingereza, bila shaka. Nilianza na asili ya mto na milima inakotoka mito midogo, nikaeleza mpunga, nikaeleza dungu, nikamweleza mama. Maneno elfu moja na mia moja, na maelezo bado yalikuwa kwenye Ijumaa. Niliukumbuka ule mstari mwekundu. Mama alipoona nahangaika alichukua ungo, akahesabu punje mia mbili za mpunga.

"Soma," alisema. "Gusa neno kwa kidole, mimi nasogeza punje. Kiingereza sikijui lakini kidole nakiona."

Tukafanya hivyo. Punje ziliisha nikiwa ndiyo kwanza namaliza kueleza masika ni nini.

"Sasa hapo ulipofika umeshakosa mtihani?" mama aliuliza.

"Bado sijazaliwa, mama."

Nikapunguza. Nilipunguza siku tatu. Na katika kupunguza, nakiri, kitu cha kwanza kabisa nilichokiondoa ni kamba. Kijitabu kilisema sababu iliyo nje ya uwezo wa mtahiniwa. Mafuriko yako nje ya uwezo. Fundo zuri nililolifunga kwa mikono yangu haliko. Nikaandika kwamba mto ulifurika ghafla bila dalili, ukaziba njia, nikachelewa. Maneno mia moja na tisini, laini kama uji. Nikamsomea mjomba kwa Kiswahili ili aweke dole gumba.

Alificha dole lake kwapani.

"Bila dalili?"

"Mjomba, ni maneno ya ofisi tu."

"Dalili ilikuwepo. Niliichonga mwenyewe. Kijiti changu hakijawahi kumdanganya mtu tangu baba yangu. Leo kiende Ulaya kikaitwa bubu?"

"Nikisema nilifunga mtumbwi watanifuta."

"Wakikufuta watakuwa wamekufuta wewe. Ukiandika hivyo umekifuta kijiti, na mimi nimetia dole."

Nilimweleza tena kanuni, ukurasa na mstari. Alisikiliza kwa heshima zote na kwapa lake halikufunguka. Nikamwambia kwamba hata kama nataka kusema yote, maneno hayatoshi. Hapo akacheka.

"Kama mtu yuko dungu la pale," akaonesha dungu la jirani, mama mmoja mjane, ng'ambo ya maji, hatua mia tatu hivi, "na upepo unavuma, unamwambia kwa maneno mangapi? Simama. Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Kilichotokea. Pumzi moja, neno moja. Kisichofika ng'ambo hakikuwa na kazi."

Wasomaji wangu, hivyo ndivyo tulivyokuwa tunapelekeana habari masika yote, dungu kwa dungu, za mgonjwa, za nguruwe, za chumvi iliyokwisha, na hakuna aliyewahi kupaza sauti kutaja asili ya mto. Nikasimama. Nikaweka mikono mdomoni.

"Kijiti kilipima maji!" nilipiga kelele. "Nikafunga mtumbwi kwenye kijiti! Maji yakapanda! Mtumbwi ukapanda! Kijiti kikapanda! Nikadhani maji yako pale pale! Nikachelewa mtihani!"

Kisha sauti ya yule mama ikaja juu ya maji, wazi kabisa.

"Nani kafanya ujinga huo?"

"Mimi!"

"Wewe wa darasa la kumi?"

"Ndiyo, mama!"

Nilisikia kicheko chake, halafu nikamsikia akigeuka na kuipeleka habari dungu la nyuma yake, na kicheko kingine kutoka huko, na kingine mbali zaidi, mpaka kikawa kidogo kama cha ndege. Habari yangu ilivuka bonde bila kupungukiwa hata neno.

Nikaketi nikaiandika vile vile kwa Kiingereza, pamoja na kamba. Mama akasogeza punje. Zilibaki kumi na nne kwenye ungo. Mjomba akatoa dole lake, akalipaka masizi ya chungu, akaligandamiza chini ya karatasi kwa nguvu kama mtu anayeua kiroboto. Siku ya kumi na mbili nilisimama posta Ifakara, nikatazama muhuri ukipigwa, tarehe ikasomeka vizuri. Nilirudi nyumbani nikiamini nimejifuta mwenyewe kwa mkono wangu, tena kwa mwandiko mzuri.

Jibu lilikuja Julai, mpunga ukiwa umeshavunwa. Mistari minne ya mashine. Kwamba halmashauri haikuridhika kuwa sababu ilikuwa nje ya uwezo wa mtahiniwa. Kwamba, hata hivyo, kwa kuwa mtahiniwa ameeleza kosa lake mwenyewe kikamilifu na kwa kuzingatia kipimo cha maneno, anaruhusiwa mtihani wa marudio mwezi wa Oktoba. Kwamba hakutakuwa na nafasi ya tatu.

Nilisoma hiyo "hata hivyo" mara ngapi, sikumbuki. Lakini kilichonifanya nikae chini kilikuwa chini ya sahihi. Hapo, kwa penseli, mtu alikuwa amechora. Mstari wa maji. Kijiti chenye alama tatu. Mtumbwi mdogo, kamba. Pembeni, mchoro wa pili, vile vile vyote, juu zaidi, na mshale mdogo unaoelekea juu. Kazi ya mtu aliyetaka kuhakikisha kwamba jambo lile linawezekana. Mtu wa mstari mwekundu, nadhani, ingawa sina ushahidi. Alikuwa ameacha kuhesabu kwa muda, akachora mto wetu.

Nilimpelekea mjomba bila kumwambia kitu. Hakuhitaji kusomewa. Aliishika ile karatasi kwa kucha za vidole ili asiichafue, akaitazama, akaufuata mshale kwa macho kwenda juu.

"Ameelewa," alisema kwa sauti ya chini, kama tuko kanisani.

"Ameelewa, mjomba."

"Na hajawahi kufika hapa?"

"Hajawahi."

Akatikisa kichwa. Akairudisha karatasi, akaiomba tena.

Oktoba ilikuwa vumbi tupu, ardhi imepasuka, na njia ya Ifakara nyeupe kama mfupa. Niliondoka shuleni Ijumaa. Padri aliponikuta barazani Jumamosi, na Jumapili baada ya misa, aliniuliza kama nimehamia. Jumatatu saa tatu aliingia na bahasha yenye lakiri, akaikata mbele yangu, akaweka karatasi juu ya dawati. Nilikuwa mtahiniwa peke yangu. Alitazama saa yake, nami nikashika kalamu.

"Una saa tatu, mwalimu," alisema. "Geuza karatasi."

Nikageuza.